Mbwa wa kwanza katika nyumba yenye watoto wadogo

Maswali ya wasomaji kuhusu mifugo ya nyumbani

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, wenye umri wa miaka saba, minne, na mmoja na nusu, na tunaishi Mikindani. Mume wangu ana shamba la mikorosho Tandahimba, na msimu wa korosho huwa halali nyumbani kwa wiki nyingi, kwa hiyo tumekubaliana kufuga mbwa, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam ameahidi kututumia kwa basi mtoto wa mbwa, chotara wa German Shepherd, ambaye sasa ana mwezi mmoja. Wakati huohuo, mwalimu jirani yetu anahamishwa na anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake jike wa kienyeji, mwenye umri wa miaka mitatu hivi, aliyekaa na watoto wake tangu utotoni. Mume wangu anamtaka wa Dar es Salaam kwa kuwa atakuwa mkubwa na mkali. Mimi nawahofia watoto. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ni mtu wa swala tano, anauliza itakuwaje kuhusu najisi. Tumchukue yupi?
Mama wa watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Ushauri wangu ni kwamba mumchukue jike wa mwalimu, kwa masharti nitakayoyaeleza, na kwamba mumshukuru shemeji yako na kumwomba radhi, kwa sababu zawadi yake, pamoja na wema wote uliomo, haiifai nyumba yenu kwa sasa.

Nianze na huyo wa mwezi mmoja. Mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane, na sababu haiishii kwenye maziwa. Katika wiki hizo anacheza na ndugu zake, anawauma na kuumwa, na kila anapozidisha nguvu mwenzake hulia na kuacha mchezo, au mama humkemea, na kwa njia hiyo anajifunza kupima nguvu ya meno yake. Anayeondolewa mapema hulikosa somo hilo, kisha huja kujifunzia kwenye mikono na miguu ya watoto wenu. Isitoshe, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne ya maisha yake, mbwa hujenga picha ya nini ni cha kawaida na nini ni cha kuogopwa. Kumfungia ndani ya boksi kwenye basi, kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, katikati ya kipindi hicho, ni kumpa hofu ambayo huenda akaishi nayo hadi uzee wake.

Hata kama angekuwa ametimiza wiki nane, bado ningesita. Mtoto wa mbwa wa umri huo hula mara nne kwa siku, hukojoa kila anapoamka na kila anapomaliza kula, hutafuna viatu na mikeka hadi meno yake ya utoto yaishe, kwenye umri wa miezi sita au saba, na meno hayo ni makali kama miiba. Mzigo wote huo utakuwa juu yako, kwa kuwa mumeo yuko shamba na mtoto wako mdogo bado anapeleka mdomoni kila anachookota. Kuna akina mama wanaoweza kuwalea wawili kama hao kwa pamoja, lakini hao aghalabu wamewahi kufuga mbwa kabla, na wana mtu mzima mwingine anayeshika zamu. Watu wengi huamini kwamba mbwa mchanga atakua pamoja na watoto na hivyo atawapenda zaidi. Mimi naona imani hiyo imewaumiza wengi, kwa sababu mbwa mchanga ni ahadi tu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia atakuwa wa namna gani akiwa mzima, ilhali mbwa wa miaka mitatu tabia yake imekwisha kukomaa na unaweza kuiona kwa macho yako kabla ya kumchukua.

Nina neno pia kwa baba wa nyumba, na nalisema kwa heshima. Haja yake ya ulinzi ni ya haki, hasa msimu ambao watu wanajua kwamba nyumba za wakulima zina fedha. Lakini mbwa mkali na watoto wadogo ni vitu viwili visivyokaa ua mmoja. Ukali tunaouona mitaani mara nyingi hutengenezwa kwa kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa, kumficha asione watu, kumchapa, na wengine hufikia hatua ya kumlisha pilipili. Mbwa aliyetengenezwa hivyo hajui kuchagua. Humuuma mwizi, na humuuma pia mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kinachomfukuza mwizi ni sauti inayoamsha nyumba na majirani, na mbwa wetu wa kienyeji ana usikivu mkubwa, hulala kwa kushtukashtuka, na hubweka mapema. Mwili wake mwepesi na manyoya yake mafupi huvumilia joto na unyevu wa pwani yetu vizuri kuliko mbwa mwenye manyoya mazito, ambaye kuanzia Novemba hadi Machi atakuwa anahema ulimi nje mchana kutwa, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema.

Sasa masharti. Nendeni kwa mwalimu mara mbili au zaidi kabla hajaondoka, na mara ya kwanza uende bila watoto. Muulize waziwazi kama mbwa huyo amewahi kumuuma au kumrukia mtu yeyote, na katika hali gani. Omba kuiona kadi ya chanjo. Kisha keti uangalie. Mbwa anayefaa atakuja mwenyewe baada ya kubweka kidogo, mwili wake ukiwa umelegea, akunuse, halafu aendelee na shughuli zake. Mwombe mwalimu amshike masikio, amnyanyue mguu mmojammoja, amguse mkia, amfunue mdomo, kwa kuwa hayo yote mtoto wa miaka minne atayafanya siku moja hata kama mmemkataza. Dondosheni sufuria chini karibu naye. Kushtuka si kosa, bali tazama anachukua muda gani kutulia. Mwangalie pia akiwa anakula, huku mwenyewe wake akipita karibu ya sahani.

Dalili za kukufanya uahirishe uamuzi si meno peke yake. Mbwa anayekakamaa mwili ghafla, anayegeuza uso pembeni huku weupe wa macho ukionekana, anayejilamba pua mfululizo bila chakula kuwapo, au anayepiga miayo wakati hana usingizi, anasema kwamba hali hiyo inamkera. Wala usitulizwe na mkia unaotikisika, kwa kuwa mkia uliosimama juu na kutikisika kwa haraka, huku mwili ukiwa mgumu, ni wa mbwa aliye tayari kupambana. Mara ya pili nenda na watoto na urudie kuangalia yaleyale. Akijificha kwao au akikakamaa wanapokimbia, mshukuru mwalimu na urudi nyumbani bila mbwa. Kukosa mbwa mwezi huu si hasara.

Jambo la chanjo halina mjadala. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iliwahi kuwamo katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, na lengo la kampeni za namna hiyo ni kufikisha chanjo kwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kwa hiyo jike huyo akiwa hana kadi, achanjwe kabla ya kuvuka kizingiti chenu, apewe dawa ya minyoo, akaguliwe kupe na viroboto, na daktari wa mifugo aangalie kama ana mimba. Kama mnataka asizae, ulizeni pia kuhusu kumfunga kizazi, kwa maana jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, na madume wa mtaa mzima watahamia mlangoni kwenu.

Nimjibu mama mkwe, ambaye swali lake ni zito na linastahili jibu kabla mbwa hajafika. Mimi ni mtu wa mifugo, si mwanachuoni, kwa hiyo hukumu mtaichukua kwa shehe wenu. Ninachofahamu ni kwamba hadithi za Mtume zimeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwindia, na kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu huyafuata, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Basi mpangieni mbwa maisha ya uani. Banda lake liwe mbali na anaposwalia bibi na mbali na kamba ya nguo, sahani zake ziwe zake peke yake na zioshwe bombani nje, na mlango wa jikoni uwekewe kizuizi cha mbao cha kimo cha magoti au zaidi. Mpangilio huo unakubaliana na ninayoyataka mimi kwa ajili ya afya ya watoto, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hutoka na kinyesi chake, hukaa mchangani, na humfikia mtoto kwa mikono michafu. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa, watoto wanawe kwa sabuni kila wanapomgusa, na mbwa asiwalambe usoni. Kwa kuwa udongo wetu ni wa kichanga, kagueni pia makucha yake na vidole vya watoto kwa ajili ya funza, maana mbwa huwabeba na kuwasambaza uani.

Nakuja kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko uchaguzi wenyewe. Mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu na yule wa miaka minne wasiachwe peke yao na mbwa huyu, hata kwa muda wa kwenda kuepua sufuria, hata baada ya mwaka mzima wa amani. Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemjua, nyumbani au jirani, na huumwa usoni na shingoni kwa sababu vimo vyao vinalingana na mdomo wa mbwa. Mkubwa wa miaka saba si msimamizi. Msimamizi ni mtu mzima anayewaona kwa macho, na kama hayupo, mbwa awe upande mmoja wa kizuizi na watoto upande mwingine. Wafundishe watoto kutomgusa anapokula, anapolala, anapokuwa mgonjwa au akiwa na watoto wake, kutomkumbatia shingoni wala kumpanda mgongoni, na kumpapasa kifuani au ubavuni baada ya yeye mwenyewe kuwafuata. Akiondoka, asifuatwe. Wakikutana na mbwa wasiyemjua njiani, wasikimbie wala kupiga kelele, wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imebana mwili, macho yakitazama chini, mpaka aondoke.

Wiki za kwanza mpeni utulivu, kwa maana atakuwa amempoteza mwalimu na watoto aliowazoea, na huzuni hiyo huonekana kwa kukataa chakula na kulala sana. Wageni wa kuja kumtazama wasubiri.

Kuhusu chakula nitasema machache. Ugali na dagaa wasio na chumvi nyingi, pamoja na mabaki ya nyama au samaki aliyetolewa miiba, vinamtosha mara mbili kwa siku, na maji safi yawepo saa zote. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti, wala chakula chenye vitunguu vingi. Pumba au unga ulioota ukungu msiutoe kwa mbwa kwa kufikiri kwamba yeye ni mnyama tu, kwa sababu sumukuvu huharibu ini lake na kumuua kama inavyoweza kumuua mtu. Na kwa kuwa nyinyi ni watu wa korosho, magunia ya salfa na viuatilifu vifungiwe, na maganda mabichi ya korosho yasitupwe uani, maana mafuta yake huunguza mdomo wa mbwa na mikono ya watoto vilevile.

SWALI: Daktari, mimi ni baba wa watoto wawili, Liwale. Nimepewa nafasi ya kuchagua mmoja kati ya watoto watano wa mbwa waliozaliwa kwa rafiki yangu. Nichague dume au jike, na nitamtambuaje aliye bora?
Baba Zuhura, Liwale

JIBU: Jinsia si jambo la kukukosesha usingizi. Dume asiyehasiwa huzurura na kupigana, jike huzaa, na yeyote kati yao anaweza kuwa mpole akilelewa vizuri. Tumia muda wako zaidi kumtazama mama yao. Akiwa ni mbwa anayekubali kuguswa na watu wa nyumba na kutulia mbele ya mgeni aliyekaribishwa, watoto wake wameanza vizuri. Akiwa na woga mkali au anarukia kila mtu, ushukuru na uondoke, hata kama watoto wake wanapendeza.

Kati ya hao watano, muache anayejikunyata pembeni wenzake wakicheza, na muache pia anayewanyang'anya wote na kuwalaza chini. Chuchumaa upige ulimi taratibu uone nani anakujia. Mnyanyue kidogo na umshike bila kumbana. Anayefaa atafurukuta kisha atatulia. Hakikisha macho hayana tongotongo, tumbo si gumu wala halikuvimba kama ngoma kwa minyoo, na nyuma yake hapana uchafu wa kuhara. Mchukue akitimiza wiki nane, umpe dawa ya minyoo kwa maelekezo ya afisa mifugo, kila mwezi hadi afikishe miezi sita, na umchanje kichaa cha mbwa akifikia miezi mitatu, kisha akitimiza mwaka, kisha kila mwaka.

Kwa Liwale nina la kuongeza. Nyinyi mnapakana na mapori yenye mbung'o, na mbwa hushambuliwa vibaya na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Mbwa wako akipata homa, akikonda huku anakula, au jicho likiingia ukungu mweupe, usisubiri wiki iishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kama wewe ni mtu wa kwenda porini, usiende naye.

SWALI: Naomba msaada wa haraka. Tulichukua mtoto wa mbwa wa miezi minne wiki mbili zilizopita, hajachanjwa. Jana mwanangu wa miaka mitano alimfuata akiwa anakula, mbwa akanguruma, kisha akamuuma mkononi, damu ikatoka kidogo. Babu yake alipaka majivu akasema inatosha. Mume wangu anataka kumuua mbwa. Je, nilikosea kuchagua?
Mama Abduli, Lindi

JIBU: Mama Abduli, ukisoma haya na mtoto hajafika hospitali, ahirisha yote. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uyaondoe majivu, usipake kitu kingine, na mpeleke leo kwenye kituo cha afya au hospitali ukaeleze kwamba ameumwa na mbwa asiyechanjwa. Udogo wa jeraha usikudanganye, na udogo wa mbwa pia, kwa sababu hata mtoto wa mbwa huweza kuwa na kichaa. Chanjo hutolewa kwa awamu, nawe fuata tarehe zote utakazoandikiwa, hata mtoto akionekana mzima.

Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Mfungieni mahali salama penye maji na chakula, mumwarifu afisa mifugo, na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, maana yake ni kwamba hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma, na daktari wa mtoto ataamua kama chanjo zilizobaki zinahitajika. Mkimuua na kumtupa, mtakuwa mmejinyima taarifa hiyo. Akibadilika tabia, akashindwa kumeza, akatokwa mate mengi au akafa, afisa mifugo na hospitali wajulishwe saa hiyohiyo, na mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.

Ama kuhusu kuchagua, siwezi kusema kwamba mbwa huyo ni mbaya. Kunguruma kulikuwa ni onyo, na onyo ni jambo jema. Mbwa anayechapwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, kisha huuma bila kutangulia kusema. Siku 10 zikipita salama na chanjo yake ikikamilika, mlishe nyuma ya kizuizi, mahali ambapo mtoto hafiki kabisa, na wewe mtu mzima upite karibu yake mara chache kila siku ukimwongezea kipande cha samaki kwenye sahani, ukianzia mbali na kusogea kidogokidogo, ili mtu anayekaribia awe dalili ya kuongezewa badala ya kunyang'anywa. Mtoto asishiriki zoezi hilo. Ikiwa baada ya miezi miwili bado anakakamaa na kuonyesha meno, mtafutieni nyumba ya watu wazima watupu, na mwelezeni mpokeaji kila kilichotokea, pamoja na tarehe ya chanjo.